Chalbi Ilivyonifunza Adabu

Mtembezi hula miguu yake, nami yangu niliila katika jangwa la Chalbi, Marsabit. Sisi vijana wa Kayole tulijiona mabingwa wa shida ya maji, maana foleni ya mitungi tumeizoea. Wapi! Chalbi ilikuwa ziwa zamani za kale. Leo ni chumvi na vumbi tupu. Siku ya pili upepo ulitujaza vumbi hilo machoni. Kwa ujuaji wangu nikanawa uso na maji ya kunywa. Adhuhuri chupa ikawa tupu. Mzee wa Kigabra aliyetuongoza hakunigombeza. Alinigawia maji yake. "Kunywa, kijana, twende." Aibu ilinichoma kuliko jua. Siku hizi mama akinituma mtungini, sinung'uniki.