Bakuli la Yaya

Yaya alikuja Nakivale mwaka jana, mara ya kwanza tangu apelekwe Norwei. Kwenye begi alikuwa na dawa za Mama, nguo, na bakuli moja na sahani ndogo, vya rangi ya kijivu inayong'aa kidogo. Mama akadhani ni fedha.

"Ni bati, Mama."

Si bati la kuezekea nyumba, lile ni chuma kilichopakwa zinki. Hili ni bati lenyewe, lenye antimoni na shaba kidogo. Kwao wanaliita tinn, na chini ya sahani kuna mhuri: NORSK TINN.

Yaya anakusanya vyombo hivi kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Zamani watu walipeana harusini. Siku hizi wajukuu wengi hawavitaki. Anacho kikombe chenye majina ya bwana na bibi, na mwaka 1961. "Siwajui," alisema, "lakini mtu awatunze." Nilinyamaza. Picha ya harusi ya wazazi wetu ilibaki Walikale.

Akaniachia masharti. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha hapo hapo kwa kitambaa laini. Usisugue kwa mchanga wala majivu. Usiache limau ndani. Ule ukijivu uache, ndio uzee wake. Na usiweke motoni kabisa. Mimi sikumwambia Mama.

Wiki mbili baadaye Mama akatia mafuta kwenye bakuli, akaliweka juu ya makaa ili akaange kitunguu. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Chini pakatoboka, mafuta yakamwagika, moto ukaruka juu. Tukauzima kwa mchanga. Kwenye majivu tukaokota kidonge kizito.

Baba akakipima kiganjani. Alibeba kasiteriti kutoka Bisie, gunia la kilo 50, kwa miguu msituni. Ndiyo mawe yanayotoa bati. Bakuli lile ni la kabla yake, si jasho lake, lakini miaka yote hakuwahi kuona yale mawe yanaishia kuwa kitu gani. "Kumbe wanalia chakula," akasema.

Jumapili Yaya akapiga video, akataka kuona vyombo. Nikamwambia ukweli, na kwamba kosa ni langu. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mama hakuungua?"

"Hapana."

"Basi nionyeshe sahani."

Mama akaileta, ameifunga kwenye kitenge. Kidonge anacho Baba, kwenye mfuko wa karatasi za ukimbizi.