Maneno Yana Bei

Niliacha kazi ya benki mwaka 2019, nikiwa afisa mikopo Singida Mjini. Mama yangu alinuna. Hoja yake sikuwa na jibu nayo: mtu haachi mshahara wa uhakika akaenda kutafuta vibarua na suruali ya kitambaa. Wenzangu kazini walidhani nimepata ulaji kwenye mradi fulani wa wafadhili. Sikuwa na ulaji wowote. Nilichoka kuuza mikopo iliyopishana na mvua.

Singida ina msimu mmoja wa mvua. Alizeti hupandwa Desemba na Januari, ikavunwa kuanzia Mei. Ikifika Juni magunia yanamiminika kutoka Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni, bei iko chini, na kila mwenye mashine ya kukamua anajua kwamba akiba ya mwaka mzima inanunuliwa sasa au haipatikani tena. Asiponunua, ikikaribia Desemba mashine imenyamaza, na mwenye ghala ndiye anayepanga bei. Msindikaji mdogo, basi, hasumbuliwi sana na mashine. Kinachomsumbua ni fedha ya kununulia mbegu.

Sisi tulimpa nini? Mkopo wa mashine, rejesho la kwanza mwezi unaofuata. Benki inaipenda mashine kwa sababu inashikika: ina namba, inapigwa picha, mambo yakiharibika inapigwa mnada. Gunia la alizeti linaliwa na panya. Niliandika mapendekezo kwamba marejesho yafuate mavuno, nikajibiwa kwamba mfumo hauruhusu. Mfumo, kwa watu wa benki, ni kama mapenzi ya Mungu.

Barua ya kuacha kazi ina gharama ambazo wengi hawazipigii hesabu. Tangu mageuzi ya hifadhi ya jamii ya 2018, lile fao la kujitoa tulilolizoea liliondolewa. Kuna fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, lakini ni la aliyepoteza kazi. Aliyeondoka kwa hiari yake hahusiki. Nilisajili jina la biashara BRELA, nikaenda TRA na kwenye halmashauri kwa ajili ya leseni, nikawa mshauri elekezi. Hilo ndilo jina la kwenye makaratasi. Mjini wananiita konsaltanti. Vijijini waliniita kishoka, nao walikuwa na sababu: walishapitiwa na vijana wenye begi la kompyuta waliochukua fedha za kuandika andiko la mkopo, kisha simu ikawa haipatikani.

Wateja wangu wa mwanzo walikuwa kikundi cha akina mama waliotaka mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mwenyekiti wao alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwanangu, siku hizi na maneno yanauzwa?" Nikamjibu, "Shikamoo tena, mama. Maneno ni bure, nauza hesabu." Wakacheka, wakanilipa kuku wawili. Kuku wa Singida wana sifa hadi Dar es Salaam, ila wale hawakufika huko.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Daftari moja: kilo za mbegu zilizoingia, lita za mafuta zilizotoka, kilo za mashudu, fedha ya Luku. Wengi wanaandika mafuta na kusahau mashudu, wakati msimu ukiwa mbaya mashudu ndiyo yanayolipa mishahara ya vijana wa mashine. Kukagua hesabu sigusi. Hiyo ni kazi ya wakaguzi waliosajiliwa NBAA, na vyama vya ushirika vina COASCO.

Mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kimkakati ya alizeti. Tukapokea wageni wengi. Washauri wenye magari makubwa walilala hotelini mjini karibu na Ziwa Singidani, wakaondoka na ripoti za Kiingereza ambazo mkamuaji wa Misigiri hajaziona. Sina wivu nao (labda kidogo, kwa yale magari). Kisha bei ya alizeti ikaporomoka mwaka 2023, wakulima wakilalamikia mafuta ya nje ya bei rahisi. Mteja wangu mmoja alitaka kukopa anunue mashine ya pili wakati huohuo. Nilimwambia asinunue. Akaenda kwa mwingine, akaandikiwa alichokitaka.

Nami nilishaitwa kuwa huyo mwingine. Mkopeshaji mmoja aliniahidi kamisheni kwa kila mteja nitakayempeleka, na mwezi ule sikuwa na kodi ya ofisi. Nilikataa. Ningepokea, mwenye mashine angekuwa bidhaa yangu, nami ningekuwa nimerudi kwenye dawati lilelile, safari hii bila mshahara. Hapa ndipo ninapomtofautisha mshauri na dalali, na naona elimu yake haina nafasi katika hilo: anayemlipa ni nani?

Siku hizi wasindikaji hunilipa kidogokidogo, Juni hadi Oktoba, mafuta yanapouzika. Februari na Machi hawanilipi, wala siwadai. Miezi hiyo naishi kwa kazi za halmashauri na miradi, ambako hukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio na malipo wakati mwingine huchelewa kupita mvua.

Kama nawe unaiandaa barua yako, piga hesabu ya nyumba yako kwa Machi, usipige kwa Julai. Na ukimfuata mkamuaji wa Ikungi na ushauri wako, mwambie kabla hajauliza nani mwingine anakulipa.