Wachechen na Serikali ya Urusi



Tangu mwaka 2022 vijana wetu wa chuoni hutuuliza jambo moja, na baadhi ya wazazi wao pia wametuuliza. Wameona katika simu zao picha za vita vya Ukraine, na humo wameona watu wenye ndevu wakipiga takbiri, wakisema kuwa wao ni Wachechen, nao wapigana upande wa Urusi. Kisha wameona wengine, nao ni Wachechen, nao wapiga takbiri, lakini wapigana upande wa Ukraine. Wauliza: wepi katika hawa walio wa kweli? Sisi twaona kuwa swali hili halijibiki mpaka ijulikane kwanza watu hawa walifikaje hapo.

Ugomvi wao na dola ya Urusi ni wa zamani. Sheikh Mansur alisimama kupigana nayo mwaka 1785. Alikamatwa mwaka 1791 akafa kifungoni. Baadaye alikuja Imamu Shamil, ambaye hakuwa Mchechen bali mtu wa nchi jirani ya Dagestan, akapigana miaka mingi na Wachechen pamoja naye, hata akajisalimisha mwaka 1859. Waliojaaliwa kuzuru Baqii mjini Madina wamefika mahali alipozikwa, kwani alipewa ruhusa ya kwenda Hijja akafa huko mwaka 1871. Zama hizo hizo alikuwako Sheikh Kunta Haji wa tarika ya Kadiria, ambayo sisi watu wa pwani twaijua vyema kwa dhikiri zake. Yeye aliwaambia watu waache vita wasije wakamalizika. Warusi walimkamata naye mwaka 1864, akafia uhamishoni. Twalitaja hili kwa makusudi: aliyepigana alishikwa, na aliyekataza kupigana alishikwa vile vile.

Lakini msiba usiosahaulika ni ule wa tarehe 23 Februari 1944. Stalin aliwatuhumu ati wamewasaidia Wajerumani. Taifa zima, wake kwa waume, vikongwe na watoto wachanga, Wachechen na ndugu zao Waingushi, karibu nusu milioni, walipakiwa katika magari ya moshi ya mizigo wakati wa baridi kali, wakaenda kutupwa Kazakhstan na Kyrgyzstan. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi, wala hawakuruhusiwa kurudi makwao mpaka mwaka 1957.

Katika uhamisho huo walilelewa watu watatu ambao msomaji hana budi kuwajua. Wa kwanza ni Dzhokhar Dudayev, aliyechukuliwa akiwa mtoto mchanga. Wa pili ni Aslan Maskhadov, na wa tatu Akhmat Kadyrov, wote wawili wazaliwa wa Kazakhstan mwaka 1951. Dudayev na Maskhadov waliingia jeshi la Kisovieti wakapanda vyeo, mmoja akawa jenerali na mwingine kanali. Kadyrov alikwenda kusoma dini katika madrasa ya Bukhara.

Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, Dudayev alitangaza kuwa Chechnya ni huru. Moscow ilingoja miaka mitatu, kisha Desemba 1994 ikapeleka vifaru. Tulikuwa vijana wakati huo, na twakumbuka jinsi maimamu wetu walivyosoma kunuti katika sala zote tano kwa ajili ya watu ambao wengi wetu hatukuweza kuonyesha nchi yao katika ramani. Kadyrov, aliyekuwa Mufti wao, ndiye aliyewatangazia kuwa vita hivyo ni jihadi. Dudayev aliuawa kwa kombora Aprili 1996 alipokuwa akizungumza kwa simu. Hata hivyo wapiganaji waliurudisha mji wa Grozny mikononi mwao mwezi wa Agosti, na tarehe 31 ya mwezi huo Maskhadov na Jenerali Lebed wa Urusi wakatia saini mapatano mjini Khasavyurt. Mwaka uliofuata Maskhadov alichaguliwa na watu wake kuwa Rais, akaenda Moscow, na yeye na Yeltsin wakaandikiana ahadi ya kutotumia nguvu tena milele.

Milele hiyo ilidumu miaka miwili na miezi. Hapa twaomba msomaji atulie nasi, kwani watu wengi huruka sehemu hii. Ni kweli kuwa Urusi haikuwa na nia ya kuiacha Chechnya, wala haikuijenga nchi iliyoibomoa. Lakini ni kweli pia kuwa wapiganaji walishindwa kushikilia amana waliyoipata. Kila kamanda alibaki na jeshi lake. Watu walitekwa nyara wakauzwa kwa fedha, Waislamu kwa wasio Waislamu. Wageni waliokuja kusaidia vitani walianza kuwafundisha wenyeji kuwa dhikiri na ziara za makaburi ya mababu zao ni upotevu. Maskhadov alikuwa Rais asiyeweza kuwaamuru askari wake mwenyewe. Agosti 1999 Shamil Basayev, pamoja na yule Mwarabu aliyeitwa Khattab, aliingia Dagestan na wapiganaji wake pasipo idhini ya Rais huyo, na Urusi ikapata sababu ya kurudi.

Mufti Kadyrov alikuwa amekwisha kugombana na watu hao, na zaidi ya mara moja alinusurika kuuawa. Vita vya pili vilipoanza, hakutangaza jihadi. Alikwenda upande wa Moscow, na mji wa Gudermes ukatolewa bila kupigana. Juni 2000 Putin alimfanya kuwa mtawala wa Chechnya. Wako wanaomwita msaliti, na wako wanaosema kuwa aliwaokoa waliobakia. Sisi tuliosoma vitabu vile vile alivyovisoma yeye twaona uzito wa jambo hili: alimi uliotoa fatwa ya damu ndio ulimi ulioifuta, na waliokufa katikati hawakuulizwa.

Urusi ilikuwa imejifunza. Haikutegemea tena vifaru peke yake. Iliwaita wapiganaji wenyewe. Aliyeweka silaha chini kwa dhamana ya Kadyrov alisamehewa, kisha akapewa bunduki nyingine na mshahara, akawawinde wenziwe aliowajua nyumba zao na mama zao. Kadyrov aliuawa kwa bomu tarehe 9 Mei 2004, na mwaka 2007 mwanawe Ramzan alikabidhiwa uongozi. Grozny, ambao Umoja wa Mataifa uliuita mwaka 2003 mji uliobomolewa kuliko yote duniani, ulijengwa upya kwa fedha za Moscow, na msikiti mkubwa mno ukafunguliwa mwaka 2008. Ni msikiti mzuri. Lakini mwaka 2014 Ramzan alisema hadharani kuwa jamaa za mpiganaji watafukuzwa nchini na nyumba zao zitabomolewa, na nyumba zilichomwa.

Ama waliobaki milimani, wengine walijiharibia wenyewe. Septemba 2004 watu wa Basayev waliiteka shule ya Beslan, wakafa watu zaidi ya 330, wengi wao watoto. Hakuna fatwa itakayousafisha uovu huo. Maskhadov aliulaani.

Basi walioonekana Ukraine upande wa Urusi ni matunda ya mpango ule wa Mufti na Moscow, na walio upande wa pili ni mabaki ya wale waliokataa, wengi wao wakimbizi. Kikosi chao kimoja chaitwa kwa jina la Dudayev na kingine kwa jina la Sheikh Mansur. Vijana wetu tumewaambia kuwa takbiri haiwezi kuwapambanulia hawa na wale. Waangalie nani aliyetumwa, na nani aliyefukuzwa kwao.

Maskhadov aliuawa na askari wa Urusi tarehe 8 Machi 2005. Sheria ya nchi hiyo yakataza maiti ya anayehesabiwa kuwa gaidi kurudishwa kwa jamaa zake. Mkewe na wanawe walidai maiti yake wamkoshe na kumsalia, wakanyimwa. Walishitaki mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, nayo mwaka 2013 ikahukumu kuwa wamedhulumiwa. Maiti hawakupewa, wala hawakuonyeshwa kaburi.