Mjomba na safari ya Muirfield: Koti lipo, karatasi bado

Wiki hii weka kando habari za kumbi za muziki na baa zenye kuku wazuri. Nakupeleka Scotland, kwenye uwanja wa gofu ambao hata Waingereza wenye hela zao huingia kwa kupiga hodi. Unaitwa Muirfield. Usicheke, maana kwenye familia yetu jambo hili limekula usingizi wa watu tangu mwaka jana.

Dada yangu ni muuguzi mjini Edinburgh. Kule gofu si ya mabosi peke yao. Kuna viwanja vya jiji kama vile vya Braid Hills, unalipa, unacheza, unaenda zako. Akajifunza, akanogewa. Siku moja akapiga simu: "Mjomba akifikisha miaka 60 nataka nimlete acheze Muirfield." Nilidhani mtandao unasumbua.

Mjomba wetu, kaka yake mama, alianza kubeba mabegi ya wachezaji kwenye klabu moja hapa Dar akiwa na miaka 14. Kedi, kama wanavyowaita. Kabeba mabegi ya mabalozi, wahasibu na wanajeshi. Anakwambia mpira utakunja wapi kabla hujaupiga. Yeye mwenyewe hucheza Jumatatu, siku waliyopewa makedi, kwa fimbo za kuazima zilizonizidi umri. Na anacheza, bwana! Wanaombebesha mabegi wengi wao hawamuwezi, ila hilo huwa halisemwi kwa sauti.

Muirfield nimeuona kwa macho yangu Septemba iliyopita, nilipokwenda kumtembelea dada. Ukitoka Edinburgh unapanda basi la kwenda North Berwick, kama kilomita 30 hivi kuelekea mashariki, unashuka kijiji kinaitwa Gullane. Kijiji kimetulia mpaka unaona aibu kukohoa. Unafuata njia ndogo hadi mwisho, mkono mmoja kuna hoteli ya kizamani, Greywalls, ya mwaka 1901, halafu geti. Basi. Hakuna bango la kukukaribisha wala muziki, wala muuza maji. Mimi nilitegemea kitu kama ikulu, nikakuta nyasi na upepo.

Lakini upepo wenyewe si mchezo. Uwanja uko kwenye ardhi ya mchanga pembeni ya bahari, na karibu hauna miti ya kukukinga. Nyasi za pembeni zinakufika magotini, mpira ukiingia humo usahau. Mashimo ya mchanga yana kina, kingo zake zimejengwa kwa vipande vya majani vilivyopangwa kama matofali. Viwanja vingi vya aina hii vinakwenda moja kwa moja kisha vinarudi. Muirfield ni tofauti: mashimo tisa ya kwanza yanazunguka nje kwa mwendo wa saa, tisa ya mwisho yanazunguka ndani kinyume chake. Niliporudi nikamsimulia Mjomba huku namchorea kwenye bahasha. Akaitazama kidogo, akasema: "Kwa hiyo huo upepo haumzoei mtu." Hajawahi kufika Ulaya, lakini kwa mchoro ule tu alishaelewa kuliko mimi niliyesimama pale.

Wenye klabu hii wana historia ndefu. Mwaka 1744 wazee wao waliokuwa wanacheza Leith waliandika kanuni 13 za gofu, za zamani kuliko zote zinazojulikana. Muirfield walihamia mwaka 1891, na mwaka uliofuata tu mashindano makubwa ya The Open yakachezwa pale. Hadi 2013 yalishachezwa hapo mara 16. Lakini wazee hao hao hawakuwa na mwanachama mwanamke hata mmoja. Mwaka 2016 walipiga kura, theluthi mbili zinazotakiwa hazikutimia, na wasimamizi wa The Open wakautoa uwanja kwenye orodha yao siku hiyo hiyo. Mwaka 2017 wakapiga tena, asilimia 80 wakakubali. Wanawake wa kwanza wakaingia 2019. Dada yangu akifika hapo husema: "Heshima waliijua siku walipofungiwa mlango wao."

Halafu Agosti 2022 ikachezwa The Open ya wanawake pale pale, na unajua nani alishinda? Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini. Aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju mitano, shimo la 15 likammaliza, ikabidi yeye na In Gee Chun wa Korea Kusini warudie shimo la 18 mara nne mpaka giza linaingia. Akautoa mpira mchangani, ukalala karibu na shimo, kazi ikaisha. Mjomba anaujua mkwaju ule kama wewe unavyolijua goli la Simba na Yanga. Anahesabu pia Gary Player 1959 na Ernie Els 2002. "Watatu kutoka Afrika wamechukua pale," anasema, kana kwamba wa nne anajulikana.

Haya, sasa mipango. Mgeni anapokelewa Jumanne na Alhamisi. Nafasi za kiangazi zinawahi kujaa, kwa hiyo unaomba mapema sana, mwaka mzima kabla ukiweza. Ada ni zaidi ya pauni 300 kwa kichwa. Piga hesabu kwa shilingi halafu ukae chini. Ukichukua siku nzima, asubuhi kila mtu anapiga mpira wake, mnakula mchana, na jioni mnacheza wawili wawili kwa mpira mmoja, kupokezana. Chakula hicho cha mchana kina sifa kuliko vyakula vyote vya gofu Uingereza, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakikaa mezani na koti na tai. Koti la Mjomba tumelipata Karume, la kijivu, limemkaa kama alipimiwa. Mwezi wa sita ndio mzuri, jua linazama saa nne usiku. Viza tutahangaika nayo kama Watanzania wengine.

Lililotukwamisha ni karatasi. Mgeni lazima aonyeshe handikapu, yaani kipimo rasmi cha uwezo wake. Mjomba anacheza miaka 40 na zaidi, hana handikapu. Inatoka kwenye klabu, na yeye hajawahi kuwa mwanachama popote, alikuwa mtu wa mlango wa nyuma. Kwenye maandishi, Mjomba hajui gofu! Dada aliyejifunza juzi anayo karatasi, aliyewafundisha nusu ya mabosi wa Dar hana. Dada alilia kwenye simu, mimi nikatukana. Mjomba mwenyewe alinyamaza, akaenda kufuta fimbo zake.

Ikabidi tuulizie utaratibu. Kumbe handikapu ya kwanza inahitaji kadi za mashimo 54, yaani mizunguko mitatu kamili, kila kadi ikiwa na saini ya shahidi. Klabu tu ya kukupokea. Mzee mmoja mstaafu, ambaye Mjomba alimbebea begi miaka 18, alisikia habari hizi. Akampeleka klabu nyingine, akamdhamini, akalipa na kiingilio, na yeye mwenyewe ndiye anayeandika kadi. Siku ya kwanza Mjomba alifika saa moja kabla, kwa mazoea akapita mlango wa nyuma. Mzee akamfuata, akamzungusha hadi mbele. Mkono ulimtetemeka mashimo matatu, halafu ukatulia. Mikwaju 81. Kadi ya pili, 77. Ya tatu ni Jumamosi hii, mvua ikiruhusu.

Juzi nilipita kwake Temeke. Shikamoo, marahaba, akanitolea daftari la bajeti. Tiketi, viza, ada, koti la mvua. Juu kabisa ya vyote, kwa kalamu nyekundu, ameandika "kedi" na kiasi ambacho kilinishtua. Nikamwambia, Mjomba, hiyo si nyingi? Hata wewe hukuwahi kupewa hivyo.

"Ndiyo maana nauliza mapema," akasema. "Muulize dada yako kama wanalipwa mkononi. Sitaki mtoto wa watu anisubiri mlangoni na mimi niko ndani nakula."