Bei Si Kazi ya Ukurasa

Kwa kibanda, weita hapangi bei ya chapati. Analeta sahani, basi. Kiolezo cha tovuti nacho kingefaa kiishi hivyo: kipokee jina la bidhaa na bei iliyokwisha kupigiwa hesabu, kiviweke mahali pake kwenye ukurasa. Lakini violezo vingi ninavyokutana navyo kazini vinapika, vinapakua na kushika pesa pia.

Aprili 2020, serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 ili kupunguza makali ya korona. Nikaitwa kusaidia duka moja la mtandaoni lililoandikwa kwa PHP, lugha inayokuruhusu kuchanganya HTML na hesabu kwenye faili moja. Kutafuta 0.16, naipata kwa faili tisa. Kwingine mtu alikuwa ameandika 1.16, kwa hivyo hata kutafuta hakukutosha. Kikapu kilikuwa kimeshabadilishwa, risiti bado. Bidhaa ya shilingi 1,000 kabla ya ushuru ilisomeka 1,140 kwa kikapu, risiti ikidai 1,160. Ni mbao tu, utasema. Mwambie hivyo mteja aliyepiga simu kuuliza kama anaibiwa.

Dawa yenyewe haikuwa na uchawi. Hesabu yote ya ushuru nikaihamishia faili moja, kiwango kikaandikwa mara moja tu, violezo vikabaki kuonyesha jumla. VAT iliporudi 16 mnamo Januari 1, 2021, tulibadilisha nambari moja. Na yule dada aliyechora kurasa akaanza kuzigusa bila woga wa kuharibu pesa za mtu.

Wapo wanaotaka kiolezo kisiwe na mantiki hata chembe. Terence Parr aliandika makala mwaka wa 2004 akitetea utengano mkali. Mustache, iliyotoka 2009, inajiita mfumo wa violezo visivyo na mantiki. Mimi siendi mbali hivyo. Ukurasa lazima upitie orodha ya bidhaa, na uonyeshe ujumbe kikapu kikiwa tupu.

Kwa hivyo huwa najiuliza: sheria hii ikibadilika, nani atanipigia simu? Akiwa mchoraji anayetaka neno "zimebaki chache" liwe jekundu, ikae kwa kiolezo. Akiwa mwenye duka anayesema chache ni tatu, au mhasibu aliyetoka kusoma Sheria ya Fedha, itoke hapo.