Watoto wa Watu

Jumamosi moja naliwachukua watoto wangu watatu na rafiki zao wanne, tukaenda kutembea Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini mwa Bagamoyo. Mama zao walinikabidhi kila mtoto kwa jina lake, na mmoja akanena, "Mwalimu, huyu ndiye wa pekee."

Nikawaonyesha msikiti wa karne ya 13, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, na makaburi yenye nguzo. Walisikiliza kidogo tu (ndivyo walivyo hata darasani). Mikoko iliwavuta zaidi, maana palipokuwa bandari zamani sasa pameota msitu. Nikawahesabu: sita. Nikarudia: sita. Aliyekosekana ni yule wa pekee.

Maji yalikuwa yakijaa. Naliita mpaka sauti ikanikauka. Ndipo binti yangu akamwona nyuma ya nguzo, ameketi kimya, akitia kidole katika tundu zilizopachikwa bakuli za Kichina hapo kale.

Sikumpiga. Nalimshika mkono, nisiuachie mpaka mlangoni kwao. Mama yake akauliza, "Je, alitulia?"

Nikajibu, "Alitulia mno."