Sola Ni Poa, Lakini Pampu Ikifa Nani Anapigiwa Simu?

Wadau wa Kikoneni, Msambweni mpaka Diani, leo tuongee maji.

Siku hizi ukitaja tabianchi, kila mtu anakujibu sola. Kisima kinawekwa paneli, utepe unakatwa, picha zinapostiwa, wageni wanaenda zao. Na kusema kweli mimi sola naikubali. Lita 1 ya dizeli ikichomwa kwenye jenereta inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi, na hayo mafuta mwisho wa siku analipia mwenye mtungi. Lakini paneli ni nusu ya kazi tu.

Huku kwetu kuna pampu ya mkono ilikufa kwa sababu ya mpira wa ndani. Kitu kidogo tu! Ilikaa miezi. Sisi tukawa tunanunua maji ya bodaboda, mitungi imefungwa nyuma, piki inalia ikipanda mlima. Sasa fikiria: pampu ya mkono haichomi hata tone la petroli, bodaboda inachoma kila safari. Yaani pampu imelala, lakini moshi unatoka.

Na Kwale hatuna kisingizio. Miaka ya 1980 pampu ya Afridev ilijaribiwa huku huku kwetu, ikaundwa makusudi ili wanakijiji waifungue na kuitengeneza wenyewe. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaweka kifaa kwenye mkono wa pampu kinachotuma taarifa kwa simu, ijulikane kama inatumika au imekufa. Leo kuna FundiFix: watumiaji wanachanga kila mwezi, pampu ikiharibika fundi analenga kuitengeneza ndani ya siku 3. Haina utepe, haina spika, lakini maji yanatoka.

Kwenye mabomba ni vile vile. Kenya nzima, zaidi ya lita 40 kwa kila 100 zinazozalishwa na kampuni za maji hazilipiwi, na nyingi zinavuja njiani. Baadhi ya maji yaliyovuja yalishasukumwa na umeme. Kuziba bomba ni kupunguza kaboni pia.

Na ukame hausubiri. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikataa misimu mitano mfululizo kwenye maeneo makavu ya Kenya. Mabwawa yakikauka, kijiji kizima kinahamia kwenye kisima. Siku hiyo ndiyo mbaya zaidi ya pampu kufa.

Hata sola ina mtego wake. Jua halileti bili, kwa hivyo ni rahisi kuvuta maji kupita kiasi, na karibu na bahari kisima kikivutwa sana chumvi inaingia.

Kwa hivyo baraza lijalo, wakija na paneli, tuwapigie makofi. Halafu tuulize: fundi ni nani, namba yake iko wapi, na hela ya vipuri inakaa kwa nani? Wakikosa jibu, utepe usubiri.

Kwenu je, pampu ikifa inachukua siku ngapi?